Ugomvi Wangu Umevunjikia Ukumbini Mwenu

Mji Mkongwe, Chiang Mai,
msimu wa moshi.

Kwako Mheshimiwa Bwana Narin,
Mkurugenzi wa Jumba la Sanaa, Mtaa wa Wafua Fedha.

Natumaini barua hii inakukuta mzima na ukivuta hewa safi. Kwa kweli sina shaka, maana hewa safi yote iliyobaki mjini iko ofisini kwako. Mimi ni Buatip, mjane wa marehemu Inthon aliyekuwa mchonga milango, na nakaa kwenye kichochoro cha nyuma ya hekalu, karibu na lango la kusini. Nakuandikia kwa heshima zote na kwa hasira niliyoipiga pasi kwanza.

Unajua mwenyewe hali ilivyo. Moshi wa misitu inayochomwa umetufunika hadi mlima hauonekani. Mgeni angeapa kwamba mji wetu umejengwa kwenye tambarare isiyo na mlima. Daktari alituambia sisi wazee tukae ndani, lakini ndani ya nyumba yangu ya mbao mtu anaweza kumsalimia mpita njia kupitia ukutani. Kwa hiyo nimehamia kwenye majumba ya makumbusho, ambako wazee tunaingia bure na mashine za kusafisha hewa zinanguruma kama paka walioshiba. Nimetazama vyungu vya kale mpaka vimeanza kunizoea.

Sasa, nina wifi. Anaitwa Chansom, dada wa marehemu mume wangu. Hatukuwa tumesemezana kwa miaka kumi na moja, tangu karamu ya mpwa wetu alipoingia utawa. Siku hiyo Chansom alionja pilipili yangu ya kusaga, ya nyanya na nyama, akasimama mbele ya wageni wa mitaa mitatu na kusema, "Wifi, umetia sukari? Siku hizi tumekuwa watu wa Bangkok?"

Ule ugomvi nikautunza vizuri. Nikimwona sokoni nilivuka barabara, hata kama mboga ninazozitaka ziko upande wake. Msimu huu wa moshi tuligawana mji bila kuambizana: yeye akishinda kwenye jumba la vitambaa, mimi nashinda kwenye jumba la sarafu. Mambo yalikwenda sawa mpaka mashine ya hewa ya jumba la vitambaa ikaharibika, naye akaja kwenu siku ambayo mimi pia nilikuwa kwenu. Ukumbi wako mkubwa, Bwana Narin, una benchi moja. Alikaa ncha ile, nikakaa ncha hii, tukapeana mgongo. Malalamiko yangu yanaanzia hapo.

1. Kibao. Ukutani nyuma ya benchi mlikuwa mmeshabandika kibao kilichoandikwa UKIMYA, NAMBA NNE, cha sanamu iliyokuwa imekwama njiani. Hamkukitoa. Haikupita hata saa moja watu wakaanza kusimama mbele yetu, wameinamisha vichwa upande. Mama mmoja mwenye miwani ya kijani alimwambia mumewe, "Huyu wa kushoto amechongwa vizuri zaidi." Wa kushoto ni Chansom. Naomba nisiseme zaidi kuhusu hilo.

2. Mlinzi wenu, Ndugu Praphan. Ananijua, namjua, hata mkewe namjua. Nilimwita kwa macho aje aniokoe. Alikuja, akatutazama, akaona umati, halafu akasema kwa sauti ya kiofisa, "Jamani, rudini nyuma ya mstari. Picha bila mwanga, na msiguse, vitu vyenyewe vimechoka." Nikapiga chafya. Wakapiga makofi. Mzee mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Nilikwambia ndani kuna mota."

Utaniuliza kwa nini sikunyanyuka nikaondoka. Bwana Narin, anayenyanyuka kwanza ndiye aliyeshindwa. Nadhani hata wewe umeoa.

3. Mwalimu wa sanaa. Alifika na wanafunzi wake kutoka Bangkok, shingoni kajifunga skafu kwenye joto hili. Akawaeleza kwamba Chansom ni mlima, ni subira, ni msitu kabla haujachomwa. Kisha akanigeukia mimi. "Na huyu wa kulia," akasema, "ni mji unaokufa. Tazameni mdomo ulivyokaza. Huyu ni mwanamke ambaye hajawahi kumpenda mtu." Wanafunzi wote wakaandika. Mimi nikanyamaza, maana ningefungua mdomo Chansom angeisikia sauti yangu.

4. Hili ndilo kubwa. Mlima ulisimama.

"Wewe!" Chansom alimwambia, na wanafunzi wawili wakapiga yowe. "Hajawahi kumpenda nani? Huyu ni wifi yangu! Kaka yangu alipolala kitandani hajiwezi, nani alikuwa anamgeuza? Nani alimlisha kwa kijiko, akamwimbia na hiyo sauti yake mbaya mpaka akapata usingizi? Mimi niliyezaliwa naye tumbo moja niliogopa hata kuingia chumbani. Nilisimama mlangoni na maua yangu kama mgeni! Mji unaokufa! Kufa wewe na kitambaa chako!"

Halafu akanigeukia. "Na wewe unakaa tu, unatukanwa?"

Hapo nilisema neno, Bwana Narin. Lilitoka lenyewe, sikulituma. Nikasema, "Sauti yangu si mbaya."

"Ni mbaya, wifi. Kaka alikuwa anajifanya amelala ili unyamaze."

Sijui nani alianza kucheka. Naamini ni yeye. Tulicheka mpaka nikateleza kwenye benchi, mpaka Ndugu Praphan akaleta maji na kuyamwaga kwa kucheka. Kisha kicheko kikageuka kikawa kitu kingine. Tukashikana mikono, tukamlilia Inthon pamoja, jambo ambalo hatukuwahi kulifanya hata siku ya kuuchoma mwili wake. Mwalimu alipiga magoti, akakutanisha viganja, akaomba radhi. Na watu, bila haya, wakapiga makofi tena. Mama wa miwani ya kijani akauliza onyesho la pili ni saa ngapi.

5. Hasara. Niliingia kwenu na ugomvi mzima, wa miaka kumi na moja, hauna ufa. Nimetoka bila hata kipande. Mlangoni mmeandika kwamba vitu vyote vilivyomo vinahifadhiwa na jumba. Mimi nilikuwemo. Ugomvi ulikuwemo. Kule nyuma mna yule binti mwenye brashi anayegundisha vyungu vilivyopasuka, na nimeona kazi yake, ni safi sana. Naomba basi anirudishie ugomvi wangu kama ulivyokuwa. Ikishindikana, nipewe mwingine wa ukubwa uleule. Nilimfikiria yule mwalimu, lakini jana ameniletea shada la maua ya yasmini, na mtu wa namna hiyo huwezi kugombana naye ukafika popote.

6. Madhara yanayoendelea. Tangu siku hiyo Chansom anakuja kwangu kila asubuhi. Anafunua sufuria zangu. Anauliza mwiko wa kaka yake uko wapi. Ananieleza habari za watu ambazo kwa miaka kumi na moja niliishi kwa amani bila kuzijua. Sokoni sina tena sababu ya kuvuka barabara, na miguu yangu imeanza kulegea kwa kukosa mazoezi. Zaidi ya hayo, sanamu yenu ya kweli imefika, nayo ni mawe mawili ya kijivu. Nasikia wageni wanauliza zile halisi ziko wapi, na Ndugu Praphan anawajibu, "Wamekwenda kula." Hilo si jibu la kisanaa.

Kwa sababu hizo zote, naomba rasmi Chansom apigwe marufuku kuingia ukumbini wakati mimi nimo, benchi likatwe katikati, na kila nusu ipelekwe ghorofa yake.

Nisalimie mama wa tiketi na mguu wake unaomsumbua, binti wa brashi, na yule bwana anayepanga viatu mlangoni bila kuvichanganya hata siku moja. Msalimie pia mkeo, na umwambie vyungu vya ukumbi wa pili vinahitaji kufutwa vumbi upande wa nyuma.

Wako katika kudai haki na hewa,

Buatip, mjane wa Inthon.

N.B. Mvua imenyesha alfajiri hii kabla sijaituma barua. Mlima umetokea wote, wa kijani, na hewa ya nje ni tamu kuliko ya ofisini kwako, kwa hiyo hatuna tena sababu yoyote ya kuja. Nakuandikia haya nimeketi kwenye ngazi zenu. Chansom anagonga mlango kwa kandambili na anasema tumekuja na wali wa kunata wa kutosha mpaka jioni. Tafadhali mwambie Ndugu Praphan afungue, na yale mawe mawili ayasogeze, yamekaa mahali petu.