Siki ya Morena na Joto la Ekzosi

Jumatatu, 10 Juni

Joto limenishinda leo tena. Naandika neno hilo kwa uchungu. Mimi si mtu wa kushindwa.

Gari langu jekundu lina viti viwili, na injini imekaa katikati, nyuma tu ya mgongo wa dereva. Nililifufua mwenyewe kutoka kwenye mabaki. Lina kasi. Lina umbo la kumliza mtu mzima. Lina pia ekzosi, bomba la moshi, inayopita chini ya buti la nyuma na kuchemsha kila kitu kuanzia kiuno changu hadi taa.

Morena, binti yangu wa pekee, anaolewa Jumamosi ya wiki ijayo. Nataka nimpeleke kanisani mimi, baba yake, kwa gari hili. Sitaki kingine duniani. Yeye anasema ataona.

Shemeji Learco alifika bila kualikwa. Ni kaka wa mke wangu Norina, na ana gereji ya mabomba ya moshi kwenye barabara ya Modena, basi anajiona profesa. Akachungulia, akacheka kwa pua. Akasema joto ni mgeni mwenye makelele: usimfungie chumbani, mwonyeshe mlango. Eti nipanue matundu ya hewa ya juu, niweke bati la kinga lisiloligusa bomba. Akaongeza kwamba hata kwenye pua ya gari hakuna usalama, maana rejeta, ile ya kupoza maji ya injini, iko huko.

Nilimshukuru kwa adabu. Sitafuata hata neno moja.

Jumatano, 12 Juni

Nimepata! Sufu. Kondoo anasimama juani Agosti nzima wala haivi. Kwa nini? Sufu!

Nikapasua godoro la zamani la mama mkwe, Bibi Argia, nikaifunga ekzosi yote kwa sufu na waya. Ilipendeza, kama shingo ya mtu mwenye mafua. Nikawasha injini. Nikasubiri kwa utulivu wa mtu anayejua.

Moshi. Kisha harufu. Jirani Ivo alitoka na sahani, akauliza kondoo ataiva saa ngapi.

Bibi Argia alilitambua godoro lake kwa maua ya kitambaa. Akasema, "Norina nilimzalia juu ya godoro hilo, Ermes. Leo umelichoma kwa ajili ya gari?" Nilijitia kutafuta spana.

Ijumaa, 14 Juni

Karatasi ya kung'aa ya jikoni. Ukuta wote kati ya injini na viti sasa unameremeta kama altare. Norina aliitafuta afunikie lazanya ndani ya jiko la kuokea. Lazanya ikaungua juu. Nyumba hii ina watu wenye hasira za haraka.

Halafu nimeziba matundu ya juu. Sababu ni mbili. Kwanza, hewa ya moto ikitoka pale, barabara kwenye kioo cha nyuma inacheza kama imelewa. Pili, Learco huiona akipita, akatabasamu. Joto lisiloonekana halina wa kulicheka.

Jumapili, 16 Juni

Siku ya huzuni.

Nilimwomba Morena twende pamoja mjini kuchukua lozi za chokoleti za kuwagawia wageni wa harusi. Alikubali. Tulipita kwenye mashamba ya mizabibu, jua zuri, binti pembeni yangu. Nilifurahi mno. Nikamwambia hata joto halisikiki. Akasema, "Baba, mgongo wangu unakaangwa." Nikasema ni mambo ya kufikiria tu. Akaniuliza mbona na mimi naendesha nimeinama kama mtu anayeokota sarafu.

Tulipofungua buti, mifuko yote ya lozi ilikuwa imeungana. Tofali moja la chokoleti, utepe mweupe ukichungulia hapa na pale.

Hakupiga kelele. Alisema taratibu kwamba atakwenda kanisani na mjomba Learco, kwa gari lake la kijivu. Gari la kijivu! Lenye milango minne! Nimeumia. Naandika wazi: nimeumia sana.

Jumanne, 18 Juni

Nimekaa kwenye banda na kulitazama tofali la lozi. Nimekula pembe moja. Na hapo, nikiwa natafuna, mwanga ukaniingia.

Dawa ya moto ni moto! Siku zote nimelikimbiza joto. Kumbe ningelipatia kazi.

Nani anapenda joto? Siki yetu, ile nyeusi ya zabibu inayokomazwa kwa miaka. Kwa nini kila familia hapa huweka mapipa yake darini, chini ya vigae, na si kwenye ghala la chini penye ubaridi? Ili kiangazi kiipike. Morena alipozaliwa, Bibi Argia alimwanzishia safu yake ya mapipa, kama anavyofanyiwa kila binti. Kila mwaka hupanda ngazi, huchota kidogo kwenye pipa kubwa na kujaza linalofuata, mpaka lile dogo kuliko yote, la mti wa mreteni. Siki ya pipa hilo ndiyo ya kudondoshwa juu ya jibini kwenye karamu ya harusi. Na juzi mezani Bibi alilalamika kwamba bado nyepesi. Imebakiza viangazi viwili, alisema, lakini mapenzi hayangoji.

Viangazi viwili. Hesabu niliifanya kichwani. Buti langu na matundu yaliyozibwa: siku chache tu za kuzunguka.

Bibi alipokwenda kucheza karata nililishusha pipa dogo. Lilikaa butini kama limepimwa. Jumamosi atakapoionja siki, atauliza nani kafanya muujiza huu. Nami nitainamisha kichwa. Morena atalia. Gari la kijivu litasahaulika.

Alhamisi, 20 Juni

Mizunguko siku nzima, kupanda na kushuka vilima. Buti halishikiki. Harufu ni ya peponi!

Learco alinisimamisha karibu na daraja. Alizunguka gari mara mbili akinusa.

"Shemeji, gari lako linanuka saladi."

Nikasema ni nta mpya ya kung'arishia. Akaniambia, kwa sauti ya chini safari hii, kwamba nisipofungua matundu nitaunguza kitu nitakachokililia. Wivu ni ugonjwa.

Jumamosi, 22 Juni

Naandika usiku, baada ya karamu.

Asubuhi niliegesha gari mbele ya mlango, limepambwa utepe mweupe, pipa likiwa bado butini. Nilisimama tu na suti yangu. Morena alitoka amevaa gauni la harusi, akaniona, akaliona gari. Learco alikuwa ameshafungua mlango wa lile la kijivu. Morena akavuta pumzi, akasema, "Sawa, Baba. Hadi kanisani tu, na polepole." Learco akafunga mlango wake. Katika maisha yangu sijawahi kushinda hivyo.

Lakini polepole ndiyo adui. Gari likienda polepole, hewa haipiti. Tulipofika uwanjani mbele ya kanisa, watu wamejipanga pande zote mbili, nyuma yetu kulilia mshindo. Kizibo cha pipa. Kilifyatuka na kugonga kifuniko cha buti. Mbao zilikuwa zimekauka na pete kulegea, na siki ya miaka yote ya binti yangu ikamwagika juu ya ekzosi.

Wingu jeupe. Padre alikohoa. Macho ya uwanja mzima yalitiririka machozi, na bibi mmoja akasifu jinsi watu walivyoguswa na harusi.

Bibi Argia alikuja kwa fimbo yake. Alinusa mara moja. Nikaona amejua. Niliomba anitukane, hakunitukana. Alichovya kidole kwenye tone lililoning'inia chini ya namba ya gari, akakiweka mdomoni.

"Kila mwaka nimepanda zile ngazi," alisema. "Kila mwaka." Kisha akaingia kanisani.

Gari halikuwaka tena. Morena alishuka, akalikunja gauni kwa mkono mmoja, akanipa mkono wa pili. Tulitembea kwa miguu mbele ya watu wote, mimi nikinuka kachumbari. Nilimuuliza kama amekasirika.

"Nimekasirika sana, Baba. Nishike vizuri, unatetemeka."

Nikamshika. Nilimfikisha.

Kwenye karamu jibini lilidondoshewa siki ya dukani. Watu walikula. Wengine waliongeza sahani ya pili, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Jumapili, 23 Juni

Morena na mumewe wameondoka. Alinibusu. Nadhani amenisamehe, au alikuwa na haraka ya treni.

Bibi Argia hasemi nami. Learco amelivuta gari hadi bandani, akazibua matundu yote bila kuniuliza, na kusema sikio la kufa halisikii dawa.

Ila kuna jambo. Ndani ya pipa, chini kabisa, ilibaki siki kidogo, nyeusi, nzito, kijiko kinasimama. Norina anasema mama yake aliionja jikoni na kukunja uso. Kweli, alikunja. Lakini mimi nilikuwa mlangoni, nikamwona akichukua kijiko cha pili. Mtu hachukui kijiko cha pili cha kitu kibaya!

Kwa hiyo wazo lilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa mahali tu. Nyuma joto ni kali mno. Norina anasema pipa dogo likijazwa upya litahitaji miaka kumi na miwili ili kurudi lilipokuwa. Morena atapata watoto kabla ya hapo. Siwezi kukaa tu.

Gari langu lina buti la mbele pia. Mbele hakuna ekzosi. Mbele kuna rejeta tu: joto la upole, la kiungwana. Nashangaa hakuna aliyelifikiria.

Bibi amefunga mlango wa dari na kuutia ufunguo kifuani. Lakini ana mazoea ya kulala mchana. Pipa la pili nimelipima kwa macho walipokuwa wananitoa darini. Nikiondoa gurudumu la akiba, linaingia.