Mkurugenzi wa Bata Yatima

Asubuhi moja ya mwaka wa tisini na tatu, enzi za ruksa, kila mtu alipoachiwa kujitafutia, Chenge alikuwa kwenye kibanda cha chai mkabala na stesheni ya reli ya Mwanza aliposikia wazungu wawili wakimuuliza mama wa chapati wapi watapata kazi. Hilo peke yake halikuwa ajabu, kwa sababu nusu ya mji ilikuwa inauliza swali hilohilo. Ajabu ni kwamba walitaka kazi ya kuhudumia wanyama, na mshahara hawakuutaka. Chenge akaweka kikombe chini taratibu kisigonge sahani, akasogeza kiti.

Tusimwonee. Chenge hakuzaliwa tapeli. Alikuwa karani wa mizani kwenye kiwanda kimoja cha kuchambua pamba, akawapunja wakulima kwa adabu tu, mpaka walipoanza kupunguza watu wakaanza na yeye. Tangu hapo alikuwa anaishi kwa mdomo. Alikuwa na sauti ya meneja wa benki, koti la mtumba lililonyooka, na Kiingereza alichofundishwa na mapadri. Mtaani walisema aliwahi kuuza kiwanja kimoja cha Igoma kwa watu watatu, na wote watatu bado walikuwa wanamwalika kwenye ubatizo wa watoto wao.

Wazungu wenyewe waliitwa Torben na Lene, vijana wa Kopenhageni huko Denmark, wanazunguka Afrika na mabegi mgongoni. Walitoka nchi ya maziwa na siagi, lakini kwa kuwa walizaliwa ghorofani hawakuwahi kugusa ng'ombe hata mkia. Lene alieleza kwamba walipopita Zimbabwe walijitolea kwenye shamba la farasi, wakazoa samadi wiki tatu, na kila siku walimlipa mwenye shamba. Chenge alidhani Kiingereza kimemtupa mkono. Akaomba arudiwe. Lene akarudia polepole kwamba kazi walifanya wao, na hela walitoa wao. Chenge akatazama bati la kibanda, akamshukuru Mungu kimoyomoyo, kisha akajitambulisha kuwa Mkurugenzi wa Kituo cha Wanyama Yatima.

Kituo hakuwa nacho, na mnyama pekee aliyeishi naye nyumba moja alikuwa panya. Lakini alikuwa na shida iliyomkaba koo, nayo ilikuwa na jina: Getruda. Getruda alikuwa anasomea ualimu Butimba, na ndiye binadamu pekee Mwanza nzima aliyeanza kucheka kabla Chenge hajamaliza kudanganya. Chenge alimpenda kwa sababu hiyo hasa. Alimpenda mpaka akakonda. Mama yake msichana, mjane aitwaye Bernadeta, alipokea posa, akataja ng'ombe kumi na wawili, akaongeza kwamba kuna bwana mmoja wa Magu mwenye mashine ya kusaga na zizi limejaa, naye ameambiwa asubiri hadi Krismasi. Kwa hiyo Chenge naye alikuwa na hadi Krismasi.

Sasa, Mkurugenzi lazima awe na shamba, na Chenge alilijua shamba moja tu lenye mchanganyiko wa wanyama wa kutosha, huko Buswelu nje ya mji: ng'ombe, mbuzi, nguruwe, bata, bata mzinga mmoja mwenye kiburi na punda. Lilikuwa shamba la Bernadeta. Ndiyo, mama mkwe mwenyewe. Msinitazame mimi.

Ukweni kwa Wasukuma si mahali pa kuchezea. Mkwe akimwona mama mkwe wake anakuja, anapisha njia hadi majanini. Hali naye sahani moja, hamtazami usoni, na akiwa na neno la kumwambia analipitisha kwa mtu wa tatu. Kuingia chumbani kwake hata usikutaje. Chenge aliyajua yote hayo, lakini alijua pia kwamba Bernadeta yuko Sengerema kwenye biashara yake ya dagaa, na kwamba ameaga atakaa sana. Nyumbani alibaki mzee Mhoja, mchunga mifugo. Chenge alimletea ugoro mzuri, akamweleza kwamba wanakuja wataalamu wa samadi kutoka nje, nao watazoa wenyewe. Mhoja aliposikia kwamba kuna mtu mwingine atakayezoa, hakuuliza swali la pili.

Kazi ikaanza. Torben na Lene walilipa dola kumi kila mmoja kwa siku, wakalala kwenye hema lao chini ya mpapai, wakaamka alfajiri kwa furaha isiyoelezeka. Walizoa, wakafagia, wakachota maji kisimani mpaka viganja vikachubuka, na kila jioni walipiga picha malengelenge yao. Chenge alitembea kati yao na faili kwapani, akisimulia. Ng'ombe mwekundu alinusurika simba wa Serengeti. Punda alitoroka kwa mwajiri katili wa Shinyanga. Bata wote kumi na saba walikuwa ndugu, na mama yao aliliwa na mamba mbele ya macho yao. Lene alilia kwa ajili ya bata hao siku mbili, akawa anawalisha mmoja mmoja kwa mkono, na bata wakanenepa kupita kiasi.

Balaa lilianza na swali dogo. Torben aliuliza Mkurugenzi analala wapi. Chenge angesema nini, kwamba analala kwa rafiki yake Igoma, kwenye mkeka, nyuma ya gereji? Akaelekeza kidole kwenye nyumba, kwenye mlango wa kwanza, na ulikuwa mlango wa chumba cha Bernadeta. Ikabidi aingie. Siku ya kwanza alilala sakafuni, karibu na mlango, akiomba radhi kwa mizimu ya pande zote mbili. Siku ya pili mgongo ukauma, akavuta mkeka. Siku ya tatu alipanda kitandani. Kilikuwa kitanda cha sita kwa sita chenye godoro la sufi, na Lene alikuwa anamletea chai humohumo kila asubuhi. Dola alizificha chini ya godoro. Kufikia siku ya kumi zilikuwa zimefika ng'ombe wanne, na kwa mara ya kwanza tangu afukuzwe kiwandani, Chenge aliona kuwa yeye ni mtu.

Alichosahau ni mwezi. Mtoto yeyote wa ziwani anajua kwamba dagaa huvuliwa kwa taa gizani, na mbalamwezi ikipamba wavuvi hukaa ufukweni wanashona nyavu, na wachuuzi hurudi makwao kupumzika. Mwezi ulikuwa umejaa siku tatu Buswelu nzima ikiuona. Mkurugenzi alikuwa anautazama kutoka dirishani kila usiku na kuusifia.

Jumapili ile Chenge alikuwa anamwelekeza Torben namna ya kumwogesha punda, alipoona wanawake wawili wanapandisha kutoka barabarani, wa mbele na kikapu kichwani, wa nyuma na kitenge cha kanisani. Wa mbele alikuwa Bernadeta. Wa nyuma alikuwa Getruda. Adabu inataka mkwe apishe njia, naye akapisha. Akapisha njia, akapisha uwanja, akapisha mpaka nyuma ya nyumba, akachuchumaa kwenye majani ya maboga chini ya dirisha la chumba, pamoja na bata wanne waliodhani amewaletea chakula.

Bernadeta alisimama akamtazama mzungu anayesugua punda wake kwa sabuni ya kuogea. Torben akamwamkia Kisukuma, kama Mkurugenzi alivyomfundisha. Bernadeta akaitikia, kisha akamgeukia Mhoja.

"Mhoja, huyu anamfanya nini punda wangu?"

"Anamwogesha, mama. Hawa ni wataalamu wa samadi."

Getruda akauliza kwa Kiingereza, na wageni wakamweleza yote kwa moyo mkunjufu. Kituo, dola kumi, Mkurugenzi, yule mtu mwema. Wakaona heri wawatembeze. Ndivyo Bernadeta alivyozungushwa kwenye shamba lake mwenyewe akielezwa misiba ya mifugo aliyoizalisha kwa mkono wake, Getruda akitafsiri huku ameuma kona ya kitenge. Aliposikia habari za mamba aliyemla mama wa bata, Bernadeta alitikisa kichwa kwa huzuni. Mama wa bata alikuwa amesimama hapo pembeni, anajikuna.

Kisha wakaingia ndani. Chenge alisikia mlango wa chumba unalia, na moyo wake ukashuka hadi kwenye mbegu za maboga. Akamsikia Lene anasema, waziwazi, kwamba hiki ndicho chumba cha Mkurugenzi, hiki ndicho kitanda chake, na hapa ndipo anapoletewa chai. Alifumba macho. Mchumba aliyelala kitandani kwa mama mkwe, hata angeleta ng'ombe mia, hakaribishwi tena mlango ule. Alimwona bwana wa Magu anavuta kiti.

Getruda alikitazama kitanda. Halafu akatafsiri.

"Wanasema una chumba kizuri, mama."

Kule kwenye maboga Chenge karibu alie kwa kumpenda yule msichana. Lakini Bernadeta alikuwa ameuza dagaa miaka ishirini, na mtu wa namna hiyo huwa haondoki bila kupekua chini ya gunia. Akainua godoro. Ikasikika sauti ya noti zinazopangwa. Kisha akasogea dirishani, akaongea akitazama milima, si chini, maana na yeye ana adabu zake.

"Getruda, nimekuta hela kitandani kwangu. Mwenye nazo aje hapa anieleze zimeingiaje, nimpe zote."

Hapo ndipo mnapoona dunia ilivyo. Mdomo uliouza kiwanja kimoja mara tatu ulikuwa hatua moja na nusu kutoka kwenye hela zake, nao haukuweza kutoa hata kikohozi. Akisema ni zangu, amesema nimelala humo. Chenge akabana pumzi. Bata mmoja akamdonoa sikio, akavumilia. Bernadeta akangoja muda wa Salamu Maria tatu, kwa haki kabisa, halafu akafunga noti kwenye pindo la kitenge.

"Basi ni zangu," akasema. Akamwita Mhoja. "Mwambie mtu aliye nyuma ya nyumba, kama yupo, beleshi liko zizini."

Mhoja akaja akaeleza, neno kwa neno, ingawa kila mtu alikuwa amesikia. Chenge akasimama, akajikung'uta majani, akaenda zizini bila kutazama nyuma.

Bernadeta hakutaka uongo wa yatima. Alimwambia Getruda awaeleze wageni ukweli, kwamba hapa hakuna yatima, kuna mifugo, na wanaotaka kuendelea waendelee kwa bei ileile, ila mlipwaji ni yeye. Nguruwe wanaenda mnadani mwezi ujao, na bata mzinga ataliwa Krismasi. Lene akaangua kilio. Akauliza kama hakuna namna. Bernadeta hakuelewa namna gani, hadi Getruda alipotafsiri kwamba mgeni yuko tayari kulipa ili bata mzinga asichinjwe. Mama alimtazama bata mzinga yule kwa heshima mpya. Kumbe ukweli ulikuwa unalipa kuliko uongo, ila Chenge hakuwahi kuujaribu.

Kuhusu Mkurugenzi, Getruda aliwaeleza kwamba si mkurugenzi. Ni mtu wa kujitolea, kama wao, isipokuwa wao wanajitolea kwa ajili ya wanyama na yeye anajitolea kwa ajili yake yeye Getruda. Wageni waliguswa sana. Torben alimwachia Chenge buti zake za mpira siku walipoondoka, na habari ikatangulia njiani kwa wenzao wa mabegi. Agosti wakaja Wajerumani wanne, Septemba Waingereza. Kila mmoja alizoa, akalipa, na akamkomboa bata mzinga yuleyule. Kila hela ilipotosha, Bernadeta alikwenda mnadani akarudi na ng'ombe, na wageni walipokuwa hawapo, nyuma ya ng'ombe alikuwa Chenge na beleshi. Bwana wa Magu alikuja mara moja, akaona wazungu na punda anayenukia sabuni, akaondoka bila kupata jibu.

Chenge hakutoroka, na hili limewashinda wengi kulielewa. Alijaribu. Siku mbili alikaa kwenye kibanda cha stesheni na koti lake, akaona watu wawili wa kutapeliwa safi kabisa, akawaacha wakapita. Siku ya tatu akarudi Buswelu, akavaa buti.

Wiki ya Krismasi Getruda alikuja likizo. Siku hiyohiyo Bernadeta aliingiza ng'ombe zizini, dume jeusi lenye baka usoni, na Chenge, aliyekuwa anahesabu wanaonunuliwa tangu Julai, akahesabu tena. Alikuwa wa kumi na wawili. Getruda akamfuata zizini na karatasi. Ilikuwa moja ya hati za kujitolea ambazo Chenge mwenyewe alizichapisha mjini, mtaa wa Makoroboi, enzi za ukurugenzi wake ili awape wageni, zenye mhuri wa kituo. Kwa mwandiko wa kiualimu iliandikwa kwamba Chenge amejitolea kwa moyo wote kuanzia tarehe fulani ya Julai. Mahali pa tarehe ya kumaliza palikuwa patupu.

Chenge aliisoma mara mbili. Sauti ya meneja wa benki haikumjia. Alimwambia kwamba amewahesabu, kwamba kila ng'ombe kati ya hao kumi na wawili ameletwa na wageni, na wageni ameletwa na yeye, na kama kuna haki basi hiyo ndiyo mahari, imesimama hapo inatafuna.

"Sasa tarehe yangu ni lini?" akauliza.

Getruda alicheka kabla hajamaliza, kama siku zote, akamfuta samadi shavuni kwa kidole chake mwenyewe.

"Mimi siwezi kujaza tarehe," akasema. "Muulize mama."

Mama alikuwa pale, hatua kumi, mikono kiunoni, anatazama milima na hana haraka. Chenge akafungua mdomo. Mhoja alikuwa amekwenda kisimani, Getruda ameshaanza kurudi nyumbani na kicheko chake, na hapakuwa na mtu wa tatu popote. Bernadeta akaanza kutembea kuelekea zizini. Chenge akafunga mdomo, akapisha njia, akashika beleshi.