Jinsi Nilivyoliokoa Gereza Letu

Jumatatu, 3 Machi

Gereza letu limetajwa redioni! Taarifa ya habari ya asubuhi, kabla hata ya michezo. Nilikuwa mlangoni napiga buti rangi. Nikamwita mke wangu, nikaongeza sauti mpaka kota nzima ikasikia. Miaka yote niliyovaa magwanda haya hakuna aliyewahi kutukumbuka. Leo tunajulikana taifa zima.

Mke wangu akaniomba nitulie nisikilize mpaka mwisho. Kumbe bajeti ya serikali ina tundu. Tundu kubwa. Bungeni wamebishana wiki nzima walizibe na nini, mheshimiwa mmoja akasimama akasema magereza yanakula kuliko shule. Yale madogo yafungwe. Akatoa mfano. Mfano ndio sisi.

Mke wangu akauliza tutaishi wapi. Swali la haki: nyumba ni ya kazi, cherehani yake iko sebuleni, na wateja wake wote ni wa hapahapa kota. Nikamwambia asiwe na wasiwasi maadamu nipo. Akasema hicho ndicho kinachompa wasiwasi. Ucheshi wake huo ndio ulionifanya nimwoe.

Kazini. Mkuu wa gereza katukusanya uani. Ijumaa kamati ya bunge inakuja mjini kusikiliza maoni ya wananchi, na gereza litapeleka maelezo yake. Akaangaza macho akitafuta mtu wa kuyasoma. Nikatoa kifua mbele. Akamteua Kalamu.

Kalamu! Koplo wa stoo! Anaitwa hivyo kwa kuwa kalamu haitoki sikioni kwake, na naamini hata kuoga anaoga nayo. Akizungumza utadhani anaomba radhi. Mimi ni sajini wa lango kuu. Naongea mpaka wafungwa wenyewe wananiita Waziri.

Nimekata shauri. Gereza hili nitaliokoa mimi.

Jumanne, 4 Machi

Mpango wa kwanza. Redio ina kipindi cha mchana, wananchi wanapiga simu kutoa maoni. Mada ya leo: tufunge magereza au tufunge mikanda? Nikajibanza nyuma ya chumba cha walinzi, nikapiga, nikabadilisha sauti. Nikajitambulisha kama mkulima wa kawaida, wa mahindi.

Nilikuwa moto! Nikasema sisi wakulima tunapata usingizi kwa sababu ya gereza lile. Nikasema langoni pale kuna sajini mmoja hodari kupindukia, na mtanashati. Mtangazaji akasema hajapata kumsikia mkulima fasaha namna hii.

Hapo ikalia filimbi ya hesabu ya mchana. Mazoea ni kitu kibaya. Nikapaza sauti yangu yenyewe, hewani, nchi nzima: "Wote chini! Wawiliwawili! Wewe wa nyuma, acha kujikuna!"

Mtangazaji akauliza kama hayo ndiyo mahindi.

Mkuu akaniita ofisini. Redio ilikuwa mezani kwake, imezimwa. Alisema nisiguse simu mpaka Ijumaa ipite. Nilipofika nyumbani, shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, alikuwa ameshatuma ujumbe kuuliza msimu unaendeleaje shambani. Mke wangu alicheka mpaka akajidunga kidole na sindano.

Wacha wacheke. Sifa zangu zimeshatangazwa, na aliyezitangaza hajui aibu.

Jumatano, 5 Machi

Kalamu kashinda stoo anaandika. Nikamuuliza anaandika nini. Akasema ukweli. Nikamwonea huruma. Ukweli haujawahi kuziba tundu la bajeti.

Mimi ni mtu wa vitendo. Kinachotumaliza ni kuni za jikoni, na karakana yetu ya useremala ina maranda magunia kwa magunia, yanatupwa tu. Nikaenda jikoni nikatangaza: leo tunapika kwa maranda, bila ukuni hata mmoja! Kamati ikija nitawaonyesha gereza linalojipikia bure. Mpishi mkuu, mfungwa wa makamo asiyependa ubishi, akasema yale maranda yana vanishi. Nikamwambia vanishi nayo inawaka.

Iliwaka. Moshi ulianza mweupe, ukawa wa manjano, ukaishia rangi ambayo sina jina lake. Wapishi wakatoka mbio. Paka wa jikoni akawapita. Mtu fulani huko mjini akaona wingu, akaita zimamoto. Wakaja na ving'ora, na kwa kuwa lango ni langu nikawafungulia kwa saluti. Wakamwaga maji kwenye jiko, kwenye maharage, na kwa Kalamu aliyekuwa anapita na faili. Hilo la mwisho, lazima niseme, walilifanya kwa ustadi.

Wafungwa wamekula mikate mikavu. Hakuna aliyenuna isipokuwa wote.

Wote ila Mjomba. Huyu ni mzee wa viatu. Alikuwa anauza viatu vya mitumba nje ya stesheni, mahali pasiporuhusiwa. Wakamkamata, wakamtoza faini, hana, wakatuletea. Kila mtu anamwita Mjomba, hata Mkuu. Alinikuta nimekaa kwenye ngazi machozi yananitoka kwa moshi. Akaniletea maji ya kunawa. Kisha akaliangalia buti langu la kushoto, akasema, "Afande, soli hii inakuaga. Nivulie nikushonee."

Akakaa pembeni yangu anashona huku anapiga mluzi. Nami pale pale, mguu mmoja soksi tupu, nikapata wazo kubwa kuliko yote niliyowahi kupata.

Alhamisi, 6 Machi

Bahati inawapenda wanaoipenda. Ukumbi wa mji umeomba wafungwa wachache wabebe viti vya kikao cha kesho. Mkuu akataka mtu wa kuwasindikiza. Nikajitolea kabla hajamaliza sentensi. Akanitazama muda mrefu, akasema nitasindikiza viti, viti tu, na kwamba mdomo wangu hauhusiki na shughuli hiyo. Nikaitika.

Kwa wabebaji nimemchagua Mjomba wa kwanza.

Usiku mke wangu kaninyoshea gwanda mpaka mikunjo ikasimama kama visu. Akalitundika mlangoni, akakaa kitandani. "Baba Kadogo," akaniambia, "nakuomba kitu kimoja. Nenda kesho, weka viti, kaa kimya, rudi."

Nilimpapasa bega. Hajui ameolewa na nani.

Ijumaa, 7 Machi

Siku yangu!

Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Mwenyekiti wa kamati ni mama mmoja mwenye sauti ya chini inayonyamazisha watu. Mwalimu wa shule ya msingi akaeleza kwamba darasa lake halina madirisha, mvua ikinyesha watoto wanahamia ukuta wa pili. Mwenye duka akasema gereza lifungwe hata kesho. Mama mmoja akasema mwanawe yumo humo kwa ugomvi wa baa, na akihamishiwa gereza la mbali hatamwona tena mpaka amalize, maana miguu yake haiwezi safari. Alipokaa, hakuna aliyempigia makofi wala kumzomea. Watu waliangalia sakafu.

Kalamu akasoma maelezo yake. Waliokaa mbele walisikia. Waliobaki walisubiri.

Kisha Mwenyekiti akauliza kama kuna mwingine. Sijui mkono wangu ulipandaje. Mkuu, aliyekaa safu ya pili, alifumba macho.

Nikaanza taratibu, nikapanda. Nikasema mnahesabu gharama za gereza, lakini nani amehesabu tabia? Nje ya ukumbi huu, nikasema, kuna mfungwa. Wenzake ninao humu, yeye nimemwacha peke yake. Hana pingu, hana mlinzi, na stesheni iko ng'ambo ya barabara. Nikageukia mlango nikapaza sauti: "Mjomba!"

Hakutokea mtu. Nikaita tena.

Mjomba akaingia, kiti mkono huu, kiti mkono ule, akauliza aviweke wapi.

Makofi! Paa lilitikisika. Nikanogewa. Nikasema hao ndio watu wetu. Nikasema funguo zangu naweza kuzisahau mezani na nikazikuta. Nikasema mwezi uliopita nilipitiwa na usingizi langoni, na wafungwa ndio walioniamsha Mkuu alipokuwa anakuja. Mkuu akavua kofia akajifunika nayo uso.

Mwenyekiti alisubiri makofi yaishe. "Sajini," akasema, "kama hawa hawahitaji kulindwa, wewe unalinda nini?"

"Nalinda jina la gereza, mheshimiwa!"

Makofi tena, na vicheko. Vya furaha, nina hakika. Ndipo akamgeukia Mjomba, akamwuliza alifanya kosa gani.

"Niliuza viatu, mama. Nje ya stesheni hapo."

"Uliumiza mtu?"

Mjomba akafikiri. "Labda wale niliowauzia saizi ndogo."

Ukumbi ukacheka, naye Mwenyekiti akatabasamu kidogo. Kisha akamwuliza Kalamu: faini ya mzee huyu, na gharama ya kumweka ndani mpaka leo, ipi kubwa? Kalamu akasimama. Akasema gharama ya kumweka, tena kwa mbali sana. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alisikika mpaka nyuma.

Mwalimu, aliyekuwa bado amesimama ukutani, akasema polepole, kama anayejisemea: "Basi hayo ndiyo madirisha yangu."

Mwenyekiti akainama akaandika kwa muda mrefu. Kila akiinua kichwa ananitazama mimi. Yote aliyoyaandika ni yangu.

Tulirudi kwa miguu, Mjomba na mimi nyuma ya wenzake. Akaniuliza kama amefanya vizuri. Nikamwambia vizuri sana, na kwamba kwa kazi ile gereza limepona na ataendelea kukaa humo. Akashukuru. Ni mtu mwenye adabu.

Alhamisi, 27 Machi

Uamuzi umetoka. Ushindi mtupu!

Gereza linafungwa.

Mke wangu alipolisikia hilo akakaa chini. Nikamwambia asiangalie kichwa cha habari, aangalie ukurasa wa kamati, maana nimeandikwa. Wenye makosa makubwa wanahamia gereza kuu. Wenye makosa madogo wanarudi kwao, watamalizia adhabu kwa kufagia na kutunza maeneo ya umma, na kitakachookolewa kitaanzia mashuleni. Na sababu? Kamati inasema iliridhishwa na ushahidi wa "sajini wa lango aliyethibitisha kwamba wafungwa wengi hawana haja ya kufungwa." Aliyethibitisha! Neno zito hilo. Nimemsomea mara tatu. Mara ya tatu alikuwa ameshachukua utepe wake wa kupimia, anapima cherehani, akiwaza kama itapita mlango wa nyumba ya mama yake.

Kalamu kapandishwa cheo, kahamia makao makuu. Ni kawaida, mtu akifanya kazi karibu na mimi hung'ara.

Leo jioni wa makosa madogo wametolewa. Mkuu akasema lango nifungue mimi. Yule mama wa ukumbini alikuwa amesimama nje tangu asubuhi. Mwanawe, jitu zima lenye mabega, alipomwona alisahau kutembea. Mama akamfuata yeye, kwa miguu yake ile mibovu, akamshika mashavu kama anakagua tunda. Mjomba alitoka wa mwisho. Akanishika mkono kwa mikono yote miwili. "Umenitoa, Waziri," akasema.

Sijawahi kufungua lango lile kwa raha namna hiyo. Vumbi likaniingia macho yote mawili.

Jumatano, 9 Aprili

Tunaishi kwa mama mkwe. Kitanda chetu kiko sebuleni pamoja na cherehani, na Kadogo analala na bibi yake. Mama mkwe alisema ameambiwa nimeokoa gereza, sasa anauliza sebule yake itaokolewa na nani. Nampenda mama yule. Mwanawe kachukua ulimi wake.

Kazi yangu mpya ni cheo hasa: Msimamizi wa Adhabu za Nje. Kikosi changu kinafagia uwanja wa hospitali. Ofisi yangu ndimo yanamokaa mafagio, lakini ina dirisha. Na uwanja unavyong'aa! Madaktari wanasimama kutazama. Mjomba amemaliza adhabu yake, ana kibali cha kuuza viatu sasa, kibanda chake kiko ng'ambo ya barabara, na mchana ananipungia mkono. Mimi nakaa kivulini nasimamia. Hawahitaji hata kuambiwa.

Leo habari. Tundu la bajeti bado lipo. Bungeni wanauliza kama hawa wanaofagia wanahitaji kweli kulipiwa wasimamizi. Kamati ileile, mama yuleyule, inakuja hospitali Ijumaa kujionea.

Mke wangu aliacha kushona. Alinishika mkono, jambo ambalo halifanyi mchana. "Baba Kadogo, tafadhali. Safari hii usiseme kitu. Hata neno moja."

Nikamwahidi. Na naahidi hapa pia, maana mtu hujifunza: maneno yangu ni mengi kuliko yanavyohitajika. Ijumaa sitafungua mdomo.

Ijumaa sitakwenda kazini kabisa. Nitalala hapa mpaka jua lipande, ili kamati ijionee yenyewe, bila mimi kuitia maneno, jinsi kikosi changu kinavyofanya kazi safi nisipokuwapo.