Ukuta Nilioulamba Mbele ya Kamati

Leo nimeumbuka. Mchana kweupe, mbele ya kamati na majirani, na aliyeniumbua ana miguu minne na mkia.

Bora mlisikie kutoka kwangu, maana Amu ni mji mdogo na hili likifika sokoni litakuwa limeshaota pembe.

Mnajua nimejenga ukuta. (Mnajua sana. Nimewatumia picha zake mpaka wengine mkaninyamazisha kwenye simu zenu. Nawafahamu mmoja mmoja.) Nyuma ya nyumba yetu, mtaa wa Gadeni, kuna kilima cha mchanga, na kati ya kilima na jiko letu pana kichochoro tu. Kila masika mvua ikipiga, mchanga unateremka, unavuka kichochoro, unaingia jikoni bila hodi. Mama yangu ametafuna mchanga kwenye wali miaka nenda miaka rudi mpaka akaacha kulalamika. Na mimi bintiye ndiye mchora ramani za nyumba! Nimesomea! Nawachorea watu kuta mpaka kisiwa cha Pate, halafu mamangu anakula kilima?

Nikasema basi. Nikachora ukuta wa kukishika kile kilima kisishuke. Wa mawe na chokaa, kama kuta za wazee wetu. Kimo chake hadi mabegani mwangu. Chini nikauwekea vitundu vya kutolea maji ya mvua, na juu nikaulaza bapa, laini, unaweza kuweka kikombe cha kahawa kisimwagike. Nikausimamia mwenyewe tangu msingi. Wanaume walipita wakisema, "Mwanamke na mawe, wapi na wapi?" Sikuwajibu. Nilikuwa nimeshughulika kuwa hodari.

Sasa, huku kwetu mji wa kale ukuta si wako mpaka upite kwenye kamati. Ua wa nyumba, ukuta wa uani, ukuta wa kushika mchanga, vyote hukaguliwa. Ukishindwa, unabomoa.

Kamati yetu ina watu watatu. Mwenyekiti ni Bwana Shee, fundi wa kuta aliyestaafu. Hacheki. Meno yake yapo, lakini kuyaona ni bahati. Wa pili ni Bi Salama, mwalimu wa madrasa, na kazi yake ni stara: ahakikishe hakuna mtu atakayeegemea ukuta wako akachungulia uani kwa mwenzake. Wa tatu ni Wekesa, kijana kutoka bara, ambaye hupiga picha za kuweka kwenye faili.

Bwana Shee ana adui mmoja duniani: mchanga wa pwani usiooshwa. Ukiutia kwenye chokaa, chumvi inabaki ndani, ukuta unatoa unga mweupe na baada ya muda unamomonyoka. Mwezi uliopita alimwamuru mtu abomoe ua wake kwa kosa hilo. Mtu mwenyewe ni shemeji yake.

Mimi sikuwa na wasiwasi. Mchanga wangu niliuosha kwa maji matamu, nikauosha tena, kisha nikauonja kwa ulimi wangu huu. (Ukumbukeni huu ulimi.)

Juma zima lililopita nilikuwa Pate kwa kazi, nikarudi jana jioni nimechoka. Leo asubuhi nikatoka kwenda kuutazama ukuta kabla ya kamati kufika. Nikakuta paka. Paka wamejipanga juu ya ukuta kama wazee barazani, kila mmoja na nafasi yake, wananitazama. Nikajiambia, mashallah, hata paka wameupenda.

Mama akanipigia kelele kutoka dirisha la juu. "Nimeshaupangusa, mwanangu! Wageni wakiya waukute safi!"

Nikamshukuru. Mama wa kujivunia huyu.

Kamati ikaja. Majirani nao wakajitokeza, kila mtu akakumbuka ana shughuli kichochoroni kwetu. Hata yule shemeji wa Bwana Shee akafika, akasimama pembeni amefunga mikono nyuma. Nilikuwa nimevaa buibui langu jipya. Nikaanza kuwaeleza habari za ukuta, nanyi mnanijua nikianza.

Bi Salama akamsimamisha Wekesa ukutani, mahali kwa mahali. "Egemea hapo. Waona nini kwa watu?"

"Naona mchanga tu, mwalimu."

"Alhamdulillahi." Stara imepita.

Bwana Shee akaupima upana wa kichochoro kwa macho. "Punda mwenye shogi zake, makapu mawili ya mawe, atapita asikwaruze ukuta?"

"Watapita punda wawili, Bwana Shee, na kusalimiana watasalimiana!"

Watu wakacheka. Nikanogewa. Mama dirishani akapiga kigelegele kidogo, cha majaribio.

Bwana Shee akaweka kiganja ukutani. "Na mtanga, je? Hauna munyu?" (Mtanga ndio mchanga, na munyu ndiyo chumvi, nyinyi wa bara.)

Ningesema "hauna" ningekuwa nimemaliza. Neno moja! Lakini mdomo huponza kichwa, na wangu ulikuwa umeshashika kasi.

"Bwana Shee," nikasema, na sauti nikaipandisha ili na wa mwisho kabisa asikie, "ukuta huu ukipatikana na chembe ya munyu, mimi Rukia nitaulamba hapa hapa mbele yenu!"

"Huyo ndiye mwanangu!" Mama akaitikia kutoka juu.

Basi. Hapo ndipo alipotokea Mheshimiwa.

Mheshimiwa ni punda wa mtaani kwetu. Tulimpa jina hilo kwa sababu akishasimama njiani hakuna wa kumwondoa. Alikuja polepole, akapenya katikati ya watu, akampita Bwana Shee bila salamu, akafika kwenye ukuta wangu. Akanusa. Akautoa ulimi. (Sikujua ulimi wa punda ni mrefu kiasi kile. Sasa najua.) Akaulamba ukuta kutoka chini hadi juu, akafumba macho.

"Anawashwa na ulimi," nikasema nikicheka. Nilicheka peke yangu.

"Sh! Toka! Ondoka hapa!" Nikamsukuma. Ni kama kusukuma msikiti. Akahama jiwe moja tu, akaendelea kulamba.

Akaja mwenzake. Wakawa punda wawili, kama nilivyoahidi. Ila hawakuwa wakisalimiana.

Nikainua macho dirishani nipate msaada. Mama hayupo. Pazia linatikisika.

Bwana Shee akawatazama punda kwa muda, kama anayesoma barua ya msiba. "Punda hajui kusoma," akasema, "lakini hasemi urongo." Kisha akanigeukia. "Ulisemaye, Rukia?"

Jamani, kichochoro kizima kikauma midomo kisicheke.

Mimi ni mtoto wa watu. Neno nimelitoa, na mashahidi wamejaa kichochoro. Nikakunja buibui, nikatafuta mahali ambapo punda hawajafika, nikainama, nikatoa ulimi.

"Dada Rukia, kaa hivyo hivyo kidogo," Wekesa akasema, "nipige ya faili."

Akapiga. Nimetoa ulimi, umegusa ukuta, jicho moja limefumba, na nyuma yangu kichwa cha Mheshimiwa. Ya faili!

Na ukuta ulikuwa na chumvi.

Wallahi ulikuwa na chumvi. Si kidogo. Buibui jipya na watu nikawasahau. Nikaona masika yanakuja, nikaona mama yangu anachambua mchanga kwenye wali tena, na mara hii ni kwa makosa yangu mimi niliyesomea. Machozi yakanilenga.

"Utavundwa," Bwana Shee akasema kwa upole. Uvunjwe! Ukuta wangu! Kama angenifokea ningevumilia, lakini ule upole ulinimaliza.

Shemeji yake akasogea karibu yangu. "Nyundo wataka?" akaninong'oneza. "Yangu ingalipo."

Nikajipangusa mdomo kwa kiganja. Nikajilamba midomo. Na hapo, katikati ya msiba wangu, ulimi ukaniambia kitu. Chumvi ile haikuja peke yake. Kuna kitu imefuatana nacho, kitu ninachokijua tangu utotoni, kinachopikwa kwetu kwa nazi na ndimu.

Nikainama tena. Nikaulamba ukuta mara ya pili, taratibu, bila kuombwa na mtu.

"Laa ilaha illallah," Bi Salama akasema. "Mtoto amerukwa na akili."

Hapana. Mtoto alikuwa kazini! Nikashusha pua, nikanusa, nikalamba jiwe la juu zaidi. Nikawakumbuka na paka. Nikasimama wima.

"Mama!"

Pazia likajifunga zaidi.

"Mama! Ulianika papa juu ya ukuta?"

"Papa gani?" Sauti ikatoka nyuma ya pazia.

"Mama."

Pazia likafunguka kidogo, jicho moja. "Papa kidogo tu." Halafu, "Na ng'onda." Kisha akaona heri afunguke lote, pazia na yeye. "Sasa ningefanyaje, Rukia? Ukuta mzuri hivyo, yua lote ni lake, upepo wote ni wake, na juu umeulaza kama meza! Nisianike samaki? Nikawaambia na majirani, mwanangu amenijengea ukuta usio mfano, leteni na zenu!"

Nikawageukia majirani. Mmoja akaanza kuangalia kucha zake. Mwingine akakumbuka ameacha chungu motoni. Juma zima! Mtaa mzima umeanika papa na ng'onda juu ya ukuta wangu, maji ya chumvi yakachuruzika mpaka chini, kisha leo wakaja kunitazama nikiulamba na wasiseme neno!

"Bwana Shee," nikasema, na safari hii sikupandisha sauti, "hiyo ni chumvi ya samaki. Imepita juu juu. Ndani ya chokaa yangu haimo. Chimba uonje."

Akanitazama. Akatoa kisu mfukoni, akapiga magoti mwenyewe, akaingiza mkono kwenye kitundu cha kutolea maji ambako samaki hajawahi kufika. Akakwangua chokaa ya ndani. Akaitia mdomoni.

Alikaa nayo muda! Alikuwa anaionja kama mzee anayesuluhisha harusi inayotaka kuvunjika. Punda waliacha kulamba. (Uongo, hawakuacha.) Akatema. Akakwangua mahali pengine kati ya mawe mawili, akampa Bi Salama kwenye ncha ya kisu. Bi Salama akasema bismillahi, akaonja.

"Haina kitu," Bi Salama akasema.

"Hauna munyu," akasema Bwana Shee. "Mtanga umeoshwa. Umeoshwa vyema." Akainuka, akapangusa magoti, akaukagua ukuta wote kwa kiganja, kutoka mwanzo hadi mwisho, hata pale palipolowa mate ya punda. "Ukuta umepita. Kwa sharti moya. Pasianikwe papa."

"Na ng'onda?" Mama akauliza kutoka juu.

Nawaapia, hapo ndipo nilipoyaona meno ya Bwana Shee. Yote. Alicheka mpaka akaushika ukuta wangu asianguke, na ukuta ukamshika. Watu wote wakaangua kicheko, na mimi nikacheka huku nalia. Mama akaachia kigelegele, na mara hii hakikuwa cha majaribio.

Kabla ya kuondoka Bwana Shee alinivuta kando. "Mimi nimejenga tangu ujana wangu," akasema, "na sijapata kuona mtu amjuaye papa ukutani kwa ulimi. Jumamosi tuna ua wa kukagua mtaa wa Langoni. Uye nawe. Uye na ulimi wako."

Mmesikia? Nimealikwa na kamati! Wale wa "wapi na wapi" walikuwepo, wamesikia, na mmoja ameniuliza kama naweza kumchorea ua. Nimemwambia nitaangalia nafasi. (Nafasi ipo. Lakini atangoja kidogo.)

Sasa hivi ninavyoandika, Mama yuko kichochoroni na ndoo anaosha ukuta, na majirani wote walioanika wanamsaidia, nimehakikisha. Mheshimiwa amegoma kuondoka. Wekesa ametuma picha ya faili, na kila atakayefungua habari za ukuta wangu, leo na kesho na watakapokuja wajukuu, ataanza na ulimi wangu. Mama ameshaomba nakala kubwa. Anataka kuitundika sebuleni, mahali mgeni akiingia aione, aulize, naye apate kueleza kwamba ule ni ukuta wa bintiye.

Kwa hiyo mkifika Amu, njooni Gadeni muutazame ukuta wangu, muushike, muusifu mpaka mchoke. Kulamba tu msijisumbue, nimeshawalambia.