Ekstensheni Zote Zizuiwe Getini

Jumatatu moja, saa mbili na dakika kumi asubuhi, ofisi ya Silibwet ya Halmashauri ya Majani Mabichi ilijipatia sifa ambayo haijapata kutokea katika utumishi wa umma: ilikuwa ofisi ya kwanza nchini kutekeleza waraka kutoka makao makuu siku ileile ulipofika. Meneja, Bwana Eugene Mageto, ndiye aliyelitangaza jambo hilo mbele ya wafanyakazi, akiwa amesimama juu ya kreti ya soda ili hata waliokuwa nyuma waione tai yake.

Waraka wenyewe ulikuwa wa Kiingereza, nao ulitoka katika kitengo cha kompyuta. Ulisema kwamba "extensions" zote zilizo kwenye orodha zizuiwe mara moja kwenye "gateway", kwa sababu ni "executable" na zinaweza kuangusha mfumo mzima. Bwana Mageto aliusoma mara mbili, mara ya pili akiwa amevaa miwani. Extension alimjua. Ni afisa wa ugani, yule anayewatembelea wakulima shambani na kuwaonyesha namna ya kupogoa chai, na kuanzia Boito mpaka Kipkelion hakuna mkulima anayemwita jina lingine ila ekstensheni. Gateway nayo haikumsumbua, kwa kuwa ofisi ilikuwa na geti moja tu, la rangi ya kijani. Neno lililomtoa jasho ni hilo la executable. Alifungua kamusi, akaona habari za watu kunyongwa. Alisikitika sana kwamba maafisa wake walikuwa wamefikia hatua hiyo, akashukuru kwamba makao makuu yameonyesha huruma na kuamua wazuiwe tu.

Mellen Nyabate, mmoja wa maafisa hao wa ugani, hakuwepo wakati wa tangazo. Alikuwa Boito tangu alfajiri, kwenye shamba la bibi mzee aitwaye Tapkigen, ambaye majirani wote humwita Kogo, yaani nyanya. Mashina arobaini ya chai ya Kogo yalikuwa yamegeuka manjano na kukauka yakiwa yamesimama, na kila wiki mbili ugonjwa ulihamia mstari mwingine. Mellen alichimba, akabandua gamba la mzizi, akaona utando mweupe kama ukungu wa mkate. Alijua dawa ya kitu hicho ni jembe: mashina yang'olewe na kila mzizi utolewe. Lakini kanuni za Halmashauri haziruhusu mkulima kung'oa hata shina moja bila kibali chenye mhuri, na kibali hakitolewi mpaka mzizi uangaliwe kwa hadubini. Hadubini iko ofisini. Mhuri uko ofisini. Basi Mellen akaufunga mzizi kwenye gazeti, akautia mkobani, akamwambia Kogo asiwe na wasiwasi, kibali kingepatikana kabla ya saa nane.

Mellen alikuwa mtu wa Nyamira, lakini miaka kumi na miwili ya kutembea mashambani ilikuwa imemfundisha Kipsigis mpaka akaanza kuota katika lugha hiyo. Askari wa getini, Cheptoo, alikuwa rafiki yake wa kugawana mahindi ya kuchoma. Kwa hiyo alishangaa alipolikuta geti limefungwa na Cheptoo amesimama wima, karatasi mkononi, macho yakiangalia mbali.

"Pole madam," Cheptoo alisema. "Hapa imeandikwa ekstensheni asiingie. Na beji yako inasema ekstensheni."

Mellen aliomba aione karatasi. Ilikuwa na orodha ndefu ya herufi zilizopangwa kwa safu tatu. Akaziona EXE, BAT, CMD, na SH, kisha Cheptoo akairudisha karatasi kifuani kwa sababu meneja alikuwa anachungulia dirishani. Upande wa pili wa barabara, kwenye benchi la duka la vifaa vya ujenzi la Mureithi, afisa mwenzake Oketch alikuwa tayari ameketi na mwavuli wake, naye alimpungia mkono kama mtu aliyemtangulia hospitalini.

Mellen alimpigia simu Waringa, fundi wa kompyuta wa mjini Kericho aliyekuwa akija kuzifufua mashine za ofisi kila zilipozimia. Waringa alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamweleza polepole. Kila faili ndani ya kompyuta lina jina, na baada ya jina kuna nukta, na baada ya nukta kuna mkia wa herufi chache. Mkia huo ndio unaoitwa extension. Kuna faili la kusomwa tu, kama barua, na kuna faili ambalo ukilibonyeza linainuka na kwenda kufanya kazi, njema au mbaya, bila kukuuliza tena. Kwenye kompyuta za Windows mafaili ya namna hiyo huwa na mikia kama exe, bat na cmd. Kwenye Linux utakuta sh. Kwenye Mac utakuta app. Wezi huyatuma kwa barua pepe, ndiyo maana makao makuu yakataka yazuiwe kwenye mlango wa mtandao.

"Ni mkia wa faili, dada," Waringa alisema. "Si wewe."

Mellen aliyaandika hayo yote kwenye karatasi, kwa adabu, akampa Cheptoo ayapeleke ndani. Jibu lilirudi baada ya saa moja na nusu, likiwa limepigwa chapa na Wakonyo, sekretari wa meneja, na kutiwa mhuri uleule ambao Mellen alikuwa anauhitaji. Lilisema kwamba maelezo ya afisa yamepokelewa, kwamba meneja anayathamini maoni ya wafanyakazi wa ngazi zote, lakini waraka ulikuwa umepitiwa kwa makini na haukuwa na neno mkia. Isitoshe, ripoti ya utekelezaji ilikuwa imekwisha kutumwa, ikionyesha asilimia mia moja, na hakuna utaratibu wowote serikalini wa kushuka kutoka asilimia hiyo.

Wiki hiyo utekelezaji ukaendelea kunoga. Bwana Mageto aligundua kwamba safu ya kwanza ya orodha ilikuwa na kichwa cha habari "Windows", akaelewa kwamba kuna ekstensheni wanaopitia madirishani. Akamwita fundi wa kuchomelea, madirisha yote yakafunikwa kwa mabati, na Wakonyo akawa anapiga chapa mchana kwa taa. Kisha akazigeukia herufi moja moja, akamwagiza Cheptoo kwamba akiziona mahali popote, kwenye beji, kwenye jina, au kwenye kinywa cha mtu, asimpitishe mwenye nazo. Siku ya Jumatano mpishi wa ofisi, Shadrack, alirudishwa nyumbani na birika lake kwa sababu jina lake lilianza kwa SH. Ikawa ofisi ya chai, katikati ya mashamba ya chai, haina mtu wa kupika chai.

Mellen hakulala vizuri siku zile. Hakuogopa sana kuandikwa kuwa mtoro, ingawa kila asubuhi Cheptoo alilazimika kuandika hivyo huku akiomba msamaha. Kilichomkera ni mzizi uliokuwa mkobani. Kogo Tapkigen alikuwa akimpigia simu kila jioni, hasemi neno la lawama, anamtajia tu mashina mapya yaliyogeuka manjano kama mtu anayetaja majina ya wagonjwa kanisani.

Lakini wakulima nao hawakuwa wa kuzuiwa na geti. Walipowakuta maafisa wao barabarani, walikaa barabarani. Mureithi aliongeza benchi la pili. Shadrack akaleta jiko lake na birika, akaanza kuwapikia chai wote waliokuja. Watu waliokuwa wakisubiri siku mbili ndani, wakijaza fomu kwa nakala tatu, sasa walinyoosha tawi la chai juu ya magoti ya Oketch na kupata jibu kabla ya kikombe kupoa. Bwana Mageto, aliyekuwa akisikiliza kutoka nyuma ya mabati, aliandika katika ripoti yake ya pili kwamba vurugu za wakulima ofisini zimekwisha kabisa, na kwamba kwa mara ya kwanza angeweza kusikia saa ya ukutani.

Ripoti hiyo iliwafurahisha wakubwa. Matawi mengine yote yalikuwa yameandika kwamba bado yanatafuta mtaalamu wa kompyuta. Silibwet peke yake ndiyo iliyokuwa imemaliza. Ikaamuliwa kwamba PS, yaani Katibu wa Wizara mwenyewe, aje siku ya Alhamisi ya wiki ya pili kujionea.

Maandalizi yalifanyika usiku na mchana. Mawe ya kando ya njia yalipakwa chokaa. Bwana Mageto aliona kwamba cheo cha meneja kinafanana mno na cha mtu wa hoteli, akaagiza beji mpya kutoka Bomet yenye cheo cha Branch Executive. Fundi wa beji alikosa nafasi, akaandika BRANCH EXE. Ilifika asubuhi ya ziara, Bwana Mageto akiwa tayari ndani, naye akaivaa mbele ya kioo bila kuona dosari yoyote.

Saa nne na nusu gari refu jeusi lilisimama getini. Mellen na Oketch waliinuka kutoka kwenye benchi, na wakulima wakavua kofia. Msaidizi wa Katibu alishuka, akamwambia Cheptoo afungue haraka kwa kuwa ni PS.

Cheptoo aliitoa karatasi yake, akapitisha kidole kwenye safu ya kwanza mpaka chini.

"Mko na PS wangapi?" akauliza.

"PS ni mmoja," msaidizi alijibu.

"Basi ndiye huyu. PS moja. Asiingie."

Msaidizi alieleza, akaeleza tena, akataja Katiba. Cheptoo alimsikiliza kwa heshima zote na hakuligusa komeo. Waringa alikuja kumwambia Mellen baadaye kwamba PS1 iliyokuwa kwenye orodha ni mkia wa mafaili fulani ya amri kwenye Windows, lakini pale getini hakuna aliyelijua hilo, wala Cheptoo hakuona kwamba lingebadilisha kitu. Orodha ilikuwa na sahihi ya meneja.

Katibu akashuka mwenyewe. Alikuwa mtu mnene, mtaratibu, mwenye mikono ya mtu aliyewahi kuchuma chai utotoni. Aliomba karatasi, akaisoma juu ya boneti ya gari, akauliza wale watu wa upande wa pili wanangoja nini. Mellen alivuka barabara. Aliposimama mbele yake akaona hana cha kupoteza, akamsimulia kila kitu kuanzia mkia wa faili mpaka mabati ya madirisha. Akamalizia na chai ya Kogo Tapkigen. Akafungua gazeti, akamwonyesha mzizi. Katibu aliukwangua kwa ukucha, akaunusa, akauliza ni mashina mangapi. Mellen alimwambia kwamba yalikuwa arobaini, na sasa ni sitini na tatu. Katibu akaomba kalamu, akaandika kibali nyuma ya ratiba yake mwenyewe ya ziara, akatia sahihi.

Wakati huo Bwana Mageto, aliyekuwa amejipanga mlangoni na shada la maua, aliona kupitia tundu la bati kwamba mgeni wake anahutubiwa barabarani na ekstensheni. Akatoka mbio. Cheptoo alimfungulia, kwa maana hakukuwa na amri inayozuia mtu kutoka, kisha akafunga. Meneja aliomba radhi kwa kila lugha aliyoijua, akageuka ili aongoze msafara ndani. Cheptoo alikuwa ameinama kidogo, anaisoma beji yake.

"EXE," alisema taratibu. "Hii ndiyo ya kwanza kabisa, mkubwa."

Bwana Mageto alivua beji. Cheptoo alisema kwamba ameshaiona. Meneja akamgeukia Katibu, na Katibu akairudisha orodha kwa Cheptoo kwa mikono miwili.

"Askari huyu anafanya kazi yake," alisema. "Waraka huondolewa kwa waraka. Nikifika Nairobi nitawaambia waandike mwingine, upitie njia zote za kawaida."

Kisha akanywa kikombe kimoja cha chai ya Shadrack, akasifu rangi yake, akaondoka. Njia zote za kawaida zilichukua siku kumi na moja.

Siku ya kwanza Bwana Mageto alikaa ndani ya gari lake. Siku ya pili jua lilikuwa kali, akahamia mwisho wa benchi, tai shingoni, akijifanya anasoma simu. Siku ya tatu alifika Kogo Tapkigen, matope mpaka magotini. Alikuwa ameng'oa mashina yote sitini na tatu akisaidiwa na majirani, na mstari uliofuata bado ulikuwa wa kijani. Lakini kwenye kona ya shamba kulikuwa na shina jingine lililomtia shaka, akawa amebeba mzizi wake. Mellen alikuwa anahudumia watu wengine, kwa hiyo Kogo akasimama mbele ya yule bwana aliyekuwa hana mtu.

"Wewe ni ekstensheni mpya?" akamuuliza, na kumwekea mzizi mapajani kabla hajajibu.

Bwana Mageto aliutazama mzizi. Katika miaka sita ya kuongoza tawi la chai hakuwa amewahi kuushika. Alitazama huku na huku, akaona benchi zima linamngoja. Akasema ndiyo, mama, lakini bado anajifunza.

Mellen alimsogelea, akatoa kisu kidogo mkobani, akamkabidhi upande wa mpini.

"Anza na gamba," alimwambia. "Na usiharakishe."