Ngoma ya Kuandikia

Jumatatu, 28 Agosti 1995. Kasoli.

Kosa la watu wengi wanaotaka kuandika kila siku ni kuanza kuandika. Haraka! Mazoea hutengenezewa mahali kwanza, kama zizi kabla ya ng'ombe. Nimeyafundisha haya mpaka nikastaafu ualimu.

Padre anataka historia ya kigango chetu isomwe Jumapili, siku ya jubilei. Tumejitokeza wawili: mimi na Shigela, aliyekuwa mpima pamba wa ushirika. Jumamosi padre anachagua. Lazima iwe yangu! Kengele ya kigango aliileta marehemu baba yangu, kwa mkokoteni wa maksai, toka stesheni ya Malampaka. Shigela akinywa husema aliileta mjomba wake. Mjomba akisomwa altareni, baba atakuwa amezikwa mara ya pili.

Leo nimefuta vumbi mezani. Kesho naandika.

Jumanne, 29 Agosti.

Meza haipo! Mke wangu, Milembe, amemwazima mnunuzi wa pamba. Anasema tangu soko lifunguliwe kila lori lina mnunuzi wake, na huyu mgeni hana hata pa kuegemeza kiwiko. Tena, anasema, juu ya meza ile hapakuwa na kitu. Hapakuwa na kitu! Palikuwa na nafasi.

Nikaenda Bariadi mjini kutafuta kalamu. Maduka ya siku hizi yamejaa. Nyeusi, kijani, hata moja inayonukia ndizi. Nimezijaribu zote. Zote zinaandika jina langu vizuri sana.

Jumatano, 30 Agosti.

Nimempita Shigela alfajiri. Amekalia ndoo iliyopinduliwa, karatasi gotini. Huandika ukurasa mmoja, kisha anakwenda kunywesha mbuzi. Basi, hana zaidi! Akaniamkia, “Mwangaluka, Mwalimu Kasmiri! Umefika ukurasa wa ngapi?” Nikamjibu niko katika maandalizi ya awali. Alicheka mpaka mbuzi wakageuka. Nikamweleza kwa upole kwamba anayeandikia kwenye ndoo huandika mambo ya ndoo.

Njiani nikapata wazo. Wazo kubwa!

Alhamisi, 31 Agosti.

Nieleze. Hapa kwetu shamba likiwashinda wenye kaya, wanaalikwa bagobogobo, kundi la wakulima wanaolima kwa ngoma. Manju anaimba, ngoma inalia, majembe yanashuka kwa pamoja, mwishoni analiwa mbuzi. Hakuna anayesikia uchovu. Sasa, kama ngoma huinua jembe, itashindwaje kuinua kalamu?

Nikamwita Bundala, manju wao. Akauliza shamba liko wapi. Nikamwonyesha karatasi. Akauliza kama nimelala vizuri. Nilipomtaja mbuzi akasema kilimo kina aina nyingi.

Ijumaa, 1 Septemba.

Wamekuja. Ngoma! Kila pigo, neno. Ilikwenda vizuri mpaka Bundala alipokoleza. Mkono nao ukakoleza. Wenzake wakarusha majembe juu, nami nikarusha kalamu. Ikatua kwenye sufuria ya mbuzi. Ni ile ya ndizi.

Majirani wakadhani ni harusi, wakaja na viti. Mnunuzi wa pamba akaacha mzani, akanirudishia meza, akapanda juu yake kucheza. Meza sasa ina miguu mitatu. Nyama iliisha kabla ya ukurasa wa pili.

Jumamosi, 2 Septemba.

Mkono umevimba. Padre amepokea kurasa za Shigela, kisha wangu mmoja: “Baba kengele maksai, maksai kengele baba.” Akauliza kwa heshima kama ni wimbo wa kuingilia.

Kesho anasoma Shigela. Baba, nisamehe.

Jumapili, 3 Septemba.

Kanisa lilijaa. Shigela alipofika kwenye kengele nikashika benchi kwa mkono mzima. Akasoma: kengele hii ililetwa na mzee Masele, baba yake Mwalimu Kasmiri, gurudumu likavunjika kwenye mchanga wa Sapiwi, akalala hapo akiilinda. Watu wakapiga vigelegele. Macho yangu yalitoka machozi. Vumbi.

Nje nikamuuliza kayapata wapi. Kwa Milembe, akasema, kila asubuhi kwenye birika la mbuzi. “Mjomba nimemwacha, Mwalimu. Alipenda sifa.” Milembe akaongeza kwamba hadithi hiyo namsimulia kila jioni tangu anioe, samahani, tangu nimwoe, na kwamba wiki nzima nimeandika kila siku humu daftarini bila ngoma. Ningeandika kengele badala ya malalamiko, ningemaliza Jumatano.

Nikamweleza kwa subira: hii ni shajara. Siyo kuandika.

Lakini Shigela amekosea! Maksai wa mbele hakuitwa Simba. Aliitwa Chui. Kosa kama hilo linadai kitabu kizima, na kitabu kizima kinadai ngoma mbili.

Kwa hiyo anayetaka kuandika kila siku, leo afanye jambo moja tu: atafute mbuzi.