Suti ya Kuzamia Isiyo na Mlango wa Mbele

Kisorya, Bunda
Agosti 1993

Ndugu Meneja Makongoro (au Bwana Meneja, maana siku hizi hatujui tena tuitane nani),

Kabla ya yote nakuomba ufunge mlango wa ofisi, na Dorotea wa mapokezi asiione barua hii, hata bahasha yake. Ni mambo ya mwilini.

Ulitutangazia pale Musoma kwamba ushirika unapunguza watumishi, na kwamba karani atakayeitoa injini ya boti yetu iliyozama hapa Kisorya atabaki kazini. Nilinyoosha mkono. Mimi ni mtu wa Butiama. Maji mengi niliyowahi kuingia ni ya lambo, na ng'ombe walinitangulia. Tangu nifike nashuka na kupanda mikono mitupu, kwa sababu ya haja ndogo. Malalamiko yangu ni haya:

1. Suti ya mpira tuliyoazimwa ina zipu mgongoni tu. Kuivua lazima wavuvi wawili wanivute, mmoja huku, mwingine kule. Katika hali ile, kuvutwa si msaada.

2. Kaka Rafaeli anayenifundisha kuzamia hunilazimisha kunywa maji mengi kwanza, eti mzamiaji akikaukiwa ataugua. Dafroza muuza uji naye hunionea huruma, huniongezea kikombe. Nashuka nimejaa kuliko mtungi wa hewa.

3. Rafaeli ananiambia, "Kojoa humohumo, mdogo wangu, wote tunafanyaga hivyo. Unapata na joto." Siwezi. Ubao wa MARUFUKU KUKOJOA ZIWANI uliosimama hapa ufukweni niliuandika mimi mwenyewe kule ofisini, mwaka wa kipindupindu. Mama Wankyo wa hapa kijijini huchota maji ya kunywa pale pale ubao ulipo. Juzi aliniuliza mbele ya watu kama huko chini huwa naendaga kusalimia samaki tu.

4. Kwa hiyo naomba suti itangazwe rasmi kuwa choo cha ushirika. Aliye ndani yake hatahesabiwa yuko ziwani, yuko chooni.

5. Tatizo, Bwana Afya anataka choo kiwe mbali na maji. Basi naomba ziwa lisogezwe. Kama bajeti hairuhusu, isogezwe injini hadi nchi kavu, nami nitaifuata bila suti.

Wakati ukilitafakari hilo, tafadhali jina langu lisiingie kwenye orodha ya wanaopunguzwa. Mwenye kosa ni aliyeishona suti.

Nisalimie Mama Ursula nyumbani, wenzangu wote wa ofisini hapo Iringo, na Dorotea, ila usimwambie ninasumbuliwa na nini.

Wako anayejibana kwa ajili ya ushirika,
Alfonce Nyamburi
Karani (bado)

N.B. Leo nimepumzishwa kuzamia. Sijagusa ziwa, sijanywa uji, na suti imeanikwa kwenye kamba. Hata hivyo, tangu nianze kuandika nimetoka nje mara nne, na nilipofika kwenye neno "wanaopunguzwa" nilikimbia. Rafaeli amecheka mpaka akakaa chini: "Sasa umejua, mdogo wangu. Suti haina kosa." Kesho nitashuka tena, ila nakuomba usije kusimama ufukweni. Ukiwa na jibu, usiliache kwa mtu. Pita nyuma ya ghala la pamba, utaona kibanda cha mabati. Ukikuta kimefungwa kwa ndani, ni mimi. Sukuma barua chini ya mlango, lakini kwanza sema kwa sauti kama ni ya kuniachisha kazi, nijue kama nitoke au nibaki humohumo.